MAISHA YA EDGAR CODD, MWANAHESABU ALIYETUPANGIA MAJEDWALI

  Mwaka huu sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuliombwa kuandika maisha ya mtu mashuhuri ambaye amekwisha kutangulia mbele ya haki. Wenzangu wengi walikimbilia wafalme, majemadari na wanasiasa. Mimi nimemchagua mtu ambaye huenda wengi wenu hamjapata kumsikia, ingawa matunda ya kazi yake mnayashika kila mkishika simu. Jina lake ni Edgar Frank Codd. Marafiki zake walimwita Ted.

Kabla sijawapeleka kwao Uingereza, hebu niwaeleze ni kwa nini mzungu huyu alinigusa moyo. Nilipokuwa kidato cha kwanza katika shule nyingine, tulikuwa wasichana wawili wenye majina sawasawa, la kwanza na la pili. Mama yangu alilipa karo ya muhula yote, akapewa risiti, akarudi nyumbani akiwa na furaha. Wiki ya mitihani ilipofika, jina langu likasomwa paredi pamoja na ya wale wenye deni. Nilijaribu kujitetea lakini wapi! Nilitumwa nyumbani, na mtihani wa Hisabati ukanipita.

Mama alirudi shuleni nami, risiti mkononi. Karani, mzee mpole, alifungua daftari la usajili, kisha daftari la karo, kisha orodha ya mitihani. Daftari tatu, na kila moja lilikuwa na habari zake. Kumbe pesa zetu zilikuwa zimeandikwa kwenye ukurasa wa yule mwenzangu! Mzee aliomba radhi, akafuta, akaandika upya. Lakini mtihani haukurudi. Kwenye ripoti yangu ya muhula, mahali pa Hisabati palikuwa na mstari tu, na mama aliutazama mstari huo kwa muda mrefu bila kusema neno.

Nilipohamia shule hii nilimsimulia mwalimu wetu wa somo la tarakilishi kisa hicho. Hakucheka. Alichukua chaki akachora majedwali mawili ubaoni, akaniambia kwamba kuna mwanahesabu mmoja aliyekesha akifikiria tatizo la aina hii miaka mingi kabla sijazaliwa. Hapo ndipo nilipoanza kumtafuta Codd.

Edgar Codd alizaliwa tarehe 19 Agosti 1923 katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza, mahali panapojulikana kwa mawe yake meupe ya kujengea. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Baba yake alitengeneza bidhaa za ngozi na mama yake alikuwa mwalimu. Alisoma shule ya upili katika mji wa Poole, kisha akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Oxford, ambako alisoma hisabati na kemia.

Wakati huo Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimepamba moto. Kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa chuo, Codd angeweza kuahirisha kwenda vitani, lakini mwaka wa 1942 alijitolea mwenyewe. Akawa rubani katika Jeshi la Anga la Uingereza, akirusha ndege kubwa ziitwazo Sunderland. Ndege hizi, ndugu msomaji, zilikuwa zikitua majini kama bata, na kazi yake ilikuwa kulinda bahari. Vita vilipokwisha alirudi Oxford, akamaliza digrii yake ya hisabati mwaka wa 1948.

Mwaka huohuo alivuka Bahari ya Atlantiki akaenda New York. Mnadhani mtu wa Oxford alipokelewa kwa zulia jekundu? Thubutu! Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuza nguo za wanaume katika duka la Macy's. Baadaye alifundisha hisabati kwa muda mfupi katika Chuo Kikuu cha Tennessee. Mwaka wa 1949 aliajiriwa na kampuni ya IBM kuandika programu za mashine iliyoitwa SSEC. Mashine hiyo ilijaza ukumbi mzima pale New York, na wapita njia waliweza kuiona kupitia madirishani. Leo simu ndogo mfukoni inaipita mbali sana kwa akili, lakini kila kitu kina mwanzo wake.

Codd alikuwa mtu wa msimamo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 seneta mmoja wa Marekani, Joseph McCarthy, alikuwa akiwasaka watu na kuwashtaki kuwa ni wakomunisti, mara nyingi bila ushahidi. Wengi walipoteza kazi, na wengi zaidi wakanyamaza kwa hofu. Codd alichukizwa na mambo hayo, na mwaka wa 1953 akafunga virago akahamia Ottawa, Kanada. Alirudi Marekani na IBM mwaka wa 1957, wakati ambapo McCarthy alikuwa amekwisha kuanguka. Baadaye akawa raia wa nchi hiyo.

Aliporudi alishiriki kutengeneza tarakilishi iliyoitwa STRETCH. Hapo alishughulikia namna ya kuiwezesha mashine moja kubeba programu kadhaa kwa wakati mmoja, ili programu moja ikisubiri, nyingine iendelee. Kisha, akiwa mtu mzima mwenye mke na watoto, akarudi darasani! IBM ilimlipia masomo katika Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, na mwaka wa 1965 akapata shahada ya uzamifu akiwa na umri wa miaka 42 hivi. Wale mnaolalamika kuwa kidato cha tatu ni kirefu, mmesikia hayo?

Sasa tumefika penye kiini cha hadithi. Baada ya masomo Codd alihamia maabara ya utafiti ya IBM huko San Jose, California. Wakati huo makampuni makubwa, mabenki na serikali walikuwa wameanza kuweka kumbukumbu zao katika diski za tarakilishi. Tatizo lilikuwa namna zilivyopangwa. IBM ilikuwa na programu iliyoitwa IMS, ambayo ilianza kama kazi ya kuhesabu vipuri vya chombo cha Apollo kilichopeleka watu mwezini. IMS ilipanga habari kama mti.

Nitawaeleza mti huo kwa mfano wa shule. Shule ni shina. Vidato ni matawi. Wanafunzi ni vitawi, na risiti zao ni majani. Ukitaka risiti za mwanafunzi mmoja, unapanda kutoka shinani, unashika tawi la kidato chake, unafika kwake. Vyema. Lakini je, mkuu wa shule akitaka kujua risiti zote zilizotolewa Jumatatu? Itabidi upande kila tawi na kukagua kila jani. Na je, kidato kikigawanywa mikondo miwili? Njia ya kupanda imebadilika, kwa hiyo kila programu iliyoijua ile njia ya zamani inavunjika, na waandishi wa programu wanaanza upya. Bwana mwingine hodari, Charles Bachman, alikuwa ametengeneza mpango wa aina ya mtandao, wenye njia nyingi zaidi kuliko mti. Ulikuwa bora, lakini bado aliyeuliza swali alipaswa kuzijua njia mwenyewe, kama nahodha anavyojua miamba ya baharini.

Codd aliona kuwa hiyo ni adhabu isiyo na sababu. Kwa nini mtu anayetaka jibu alazimike kujua habari zimefichwa kona gani ya mashine? Mwaka wa 1969 aliandika wazo lake katika ripoti ya ndani ya IBM, na Juni 1970 likachapishwa katika jarida la chama cha wanatarakilishi cha Marekani. Makala yalikuwa na kurasa 11 tu. Kurasa 11, wenzangu, na zikapindua ulimwengu wa kumbukumbu.

Wazo lenyewe lilitoka katika hisabati ya seti, hii hii tunayofundishwa. Codd alisema habari zote ziwekwe katika majedwali ya kawaida, yenye mistari na safu. Kila chumba cha jedwali kibebe kitu kimoja tu. Kila mstari uwe na kitu cha kuutambulisha ambacho hakifanani na cha mstari mwingine wowote, nacho huitwa ufunguo. Mpangilio wa mistari usiwe na maana yoyote, kwamba huu uko juu na ule uko chini. Na majedwali yasifungwe pamoja kwa njia za siri ndani ya mashine, bali yahusiane kwa yale yaliyoandikwa ndani yake. Ndiyo maana huitwa mfumo wa uhusiano.

Haya ndiyo mwalimu aliyonichorea ubaoni. Jedwali la kwanza lilikuwa la wanafunzi: nambari ya usajili, jina, kidato. La pili lilikuwa la malipo: nambari ya risiti, nambari ya usajili, tarehe, kiasi. Tazameni vizuri. Katika jedwali la malipo hamna jina hata moja! Kuna nambari ya usajili tu. Jina limeandikwa mara moja, mahali pamoja. Wasichana wawili wanaweza kuitwa sawasawa, lakini nambari zao haziwezi kufanana, kwa hiyo jina haliwezi tena kumpotosha karani. Ukitaka kujua nani hajalipa, unauliza swali, na mashine yenyewe inayaunganisha majedwali na kukutafutia. Unasema unachotaka, si njia ya kukipata.

Niliangalia ubao ule nikahisi donge kooni. Deni langu lilikuwa limetokana na jina lililoandikwa mara tatu katika daftari tatu.

Codd hakuishia hapo. Mwaka wa 1971 na miaka iliyofuata alieleza taratibu za kuyasafisha majedwali ili jambo moja lisiandikwe mahali pengi. Jambo likiandikwa mara mbili, siku moja nakala moja itarekebishwa na ya pili itasahauliwa, na hapo jedwali litakuwa linajipinga lenyewe. Waswahili walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi naongeza kuwa daftari lenye nakala nyingi hugeuka mwongo hata kama karani ni mkweli.

Je, IBM walimbeba Codd mabegani? La hasha. IMS ilikuwa ikiuzika sana, na ni nani anayeua kuku anayemtagia kila siku? Isitoshe, wengine walisema mpango wa Codd unapendeza kwenye karatasi tu, na kwamba mashine za siku hizo zingekuwa kobe zikiutumia. Maandishi yake nayo yalijaa alama za hisabati, hata wataalamu wenzake wakapata taabu kuyaelewa. Lakini Codd hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliandika, alibishana, alizungumza na wateja wa kampuni moja kwa moja. Mwaka wa 1974 palifanyika mjadala mkubwa pale Ann Arbor, Codd na wafuasi wake upande mmoja, Bachman na wake upande wa pili. Nauwazia kama mdahalo wetu wa Ijumaa, ila bila kengele ya kumkatiza msemaji.

Hatimaye IBM ikaanzisha jaribio huko San Jose lililoitwa System R. Vijana wawili, Don Chamberlin na Raymond Boyce, walitaka mtu wa kawaida aweze kuuliza maswali bila alama ngumu za hisabati. Wakaunda lugha ya maswali iliyofanana na maneno ya kila siku, wakaiita SEQUEL. Boyce alifariki akiwa kijana mwaka huohuo wa 1974. Jina la lugha likafupishwa baadaye kuwa SQL kwa kuwa lile la kwanza lilikuwa limesajiliwa na kampuni nyingine. Wakati huohuo, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Michael Stonebraker na Eugene Wong walikuwa wakijenga programu yao iliyoitwa Ingres. Makundi hayo mawili yalionyesha kwa vitendo kuwa kobe wa Codd anaweza kukimbia.

Hapa kuna jambo la kusikitisha kidogo. Codd mwenyewe alikuwa amebuni lugha yake ya maswali, Alpha, lakini hawakuitumia. Na SQL hakuipenda hata kidogo. Iliruhusu mistari miwili inayofanana kabisa ndani ya jedwali, jambo lililokwenda kinyume na hisabati yake. Ni kama fundi aliyechora nyumba, kisha wajenzi wakaongeza dirisha mahali asipotaka, na watu wote wakaisifu nyumba.

IBM ilichelewa, na mgeni njoo mwenyeji apone. Mwaka wa 1977 Larry Ellison, Bob Miner na Ed Oates walianzisha kampuni yao ndogo. Walikuwa wamesoma maandishi ambayo watafiti wa IBM waliyachapisha hadharani. Mwaka wa 1979 wakaanza kuuza programu yao, Oracle, kabla IBM haijauza yake. IBM ilifuata mwaka wa 1981 na SQL/DS, kisha DB2 mwaka wa 1983. Ellison akawa mmoja wa matajiri wakubwa kabisa duniani. Jina la Codd hamtalikuta katika orodha hiyo.

Lakini heshima aliipata. Mwaka wa 1976 IBM ilimpa cheo chake cha juu cha watafiti, na mwaka wa 1981 akatunukiwa Tuzo ya Turing, ambayo kwa wanatarakilishi ni kama Nobel. Aliacha IBM mwaka wa 1984, akaanzisha kampuni ya ushauri pamoja na mwenzake Chris Date.

Kufikia wakati huo kila muuzaji alikuwa akibandika neno la uhusiano kwenye bidhaa yake, hata kama ndani ni mti uleule wa zamani uliopakwa rangi. Codd akakasirika. Mwaka wa 1985 alitoa sheria 12 za kupima kama programu ni ya kweli au ni ya bandia. Mwalimu alipotuambia tuzihesabu tulishangaa, maana ni 13! Kumbe alianza kuhesabu kutoka sifuri. Mwanahesabu ni mwanahesabu tu, bwana.

Codd alifariki nyumbani kwake Florida tarehe 18 Aprili 2003 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 79. Mwaka uliofuata chama cha wataalamu wa hifadhi za data kikaipa tuzo yake kuu jina la Codd. Kazi yake bado inaishi. SQL ilifanywa kipimo rasmi Marekani mwaka wa 1986 na cha kimataifa mwaka wa 1987, na hadi leo inatumika kila pembe ya dunia. Kama una simu ya Android, majina yote ya marafiki zako yamo katika majedwali madogo yanayotunzwa na programu iitwayo SQLite, mtoto wa mbali wa zile kurasa 11.

Wanafunzi wenzangu, nimejifunza mambo mawili kutokana na maisha haya. Kwanza, hisabati ya seti mnayoiita kelele za mwalimu iliwahi kutatua tatizo lililozishinda kampuni kubwa. Pili, kupanga habari vizuri ni haki. Tusidhani ni kazi ya makarani tu. Nyuma ya kila mstari wa daftari kuna mtu, na mstari ukikosewa ni mtu huyo anayefungasha mkoba na kwenda nyumbani.

Muhula uliopita mwalimu alinikubalia mimi na wenzangu wawili kupanga vitabu vya maktaba yetu katika majedwali. Tumefika kitabu cha 640. Kila kitabu kina nambari yake, kila mwanafunzi ana nambari yake, na jina linaandikwa mara moja tu. Wiki jana msichana mmoja wa kidato cha kwanza alidaiwa kamusi aliyokuwa ameirudisha. Tuliuliza swali moja kwenye tarakilishi, jibu likaja kabla hajaanza kulia. Kamusi ilikuwa imechukuliwa na mwingine siku iliyofuata.

Alirudi darasani mbio, kwa sababu mtihani wa Hisabati ulikuwa unaanza.